Mega zako zinaishia wapi? Jinsi kivinjari cha simu kinavyobana data, na jinsi ya kukisaidia

Umenunua bando asubuhi. Umefungua tovuti mbili tatu kutafuta tarehe ya usaili, umesoma tangazo la mgawo, umeangalia kama shule ya mtoto imetoa orodha ya majina. Saa saba mchana ujumbe unaingia: bando lako limekwisha. Hukutazama video, hukupakua muziki. Mega zimekwenda wapi?

Kwa anayeishi Kampala, swali hili si dogo. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II au Bidibidi, habari nyingi hufika kwa mikutano, vipaza sauti na mbao za matangazo. Mjini mambo ni tofauti. Mkimbizi wa Nsambya, Katwe, Kisenyi au Bwaise anaishi katikati ya watu wengine, mbali na ubao wowote wa matangazo. Ubao wake ni simu. Bando likikatika kabla ukurasa haujafunguka, tangazo linampita.

Makala haya yanaeleza kazi moja ambayo simu yako inaifanya kimyakimya kila unapofungua tovuti: kubana data. Tutaona inavyofanyika, vivinjari gani vinaiweza, mahali inaposhindwa, na unachoweza kufanya wewe.

Kwa kifupi

- Vivinjari vya kisasa kama Chrome, Firefox, Edge, Safari na Opera vyote hupokea kurasa zikiwa zimebanwa. Hulipii huduma hiyo na huhitaji kuiwasha.
- Ubanaji huu unafaa sana kwa maandishi. Picha, video na sauti haziguswi nao.
- Kivinjari cha zamani hakijui njia mpya za kubana, kwa hiyo kinakula mega zaidi kwa ukurasa uleule.
- Opera Mini inaweza kuokoa data nyingi zaidi, lakini usiitumie katika hali yake ya kubana sana unapoandika nywila au habari zako za siri.
- Wanaotoa matangazo wanaweza kumwokolea msomaji mega nyingi kuliko simu yoyote, kwa kuandika tangazo kama maandishi badala ya kutuma picha ya karatasi.

Kila mega ina bei, na bei hiyo ina ushuru

Wengi wanakumbuka tarehe 1 Julai 2018, Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Ushuru huo ulifutwa mwaka 2021. Kuanzia 1 Julai 2021 mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, mbali na VAT.

Tofauti yake ni hii. Ule wa zamani ulilipwa kwa siku, uwe umetumia kidogo au sana. Huu wa sasa umo ndani ya bei ya bando. Kwa hiyo kila mega inayopotea bure imelipiwa mara mbili: kwa kampuni ya simu na kwa kodi. Mkimbizi na mwenyeji wananunua bando kwenye kibanda kimoja kwa bei moja, na wote wawili wanapoteza sawa.

Kubana data ni nini?

Fikiria robota la mitumba, au balo kama wengi wetu tunavyoliita, linaposhushwa kwenye lori karibu na soko la Owino. Ndani yake mna mamia ya nguo. Lakini nguo hizo hazikusafiri zikiwa zimetandazwa. Zilikandamizwa kwa mashine, zikafungwa kwa mikanda, zikapakiwa ndani ya kontena, zikashuka Mombasa, zikapanda lori hadi Kampala. Aliyelipa usafiri amelipia nafasi ndogo. Robota likifika sokoni mikanda inakatwa, nguo zinafumuka na kurudi kuwa kama zilivyokuwa. Hakuna shati lililopungua mkono.

Data ya tovuti inafanyiwa vivyo hivyo. Hata njia inafanana: Uganda haina bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya data kutoka ng'ambo hupita kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotua pwani ya Afrika Mashariki, kama ule wa SEACOM uliofika Mombasa mwaka 2009, kisha hupanda bara hadi kwetu. Kompyuta inayohifadhi tovuti, yaani seva, inabana ukurasa kabla ya kuutuma. Simu yako inaufungua ukishafika. Wewe unalipia ukubwa wa robota lililofungwa, na unasoma ukurasa mzima.

Lakini kompyuta inabanaje maneno bila kuyapoteza? Kwa mbinu mbili.

Ya kwanza ni kuepuka kurudia. Chukua tangazo ambalo maneno "Ofisi ya Waziri Mkuu" yametokea mara kumi. Ukihesabu herufi na nafasi, maneno hayo yana alama 20, kwa hiyo mara kumi ni alama 200. Kompyuta inayaandika mara ya kwanza tu. Mara ya pili na kuendelea inaweka kielekezi kifupi kinachosema: "rudi nyuma alama kadhaa, nakili alama 20." Kielekezi kama hicho kinaweza kuchukua nafasi ya alama tatu hivi. Alama 200 zinakuwa chini ya 50. Mbinu hii ilielezwa na Jacob Ziv na Abraham Lempel mwaka 1977.

Ya pili ni kuzipa herufi zinazotumika sana alama fupi. Kwa kawaida kompyuta huandika kila herufi kwa tarakimu nane za 0 na 1. Sasa tazama Kiswahili: herufi "a" imejaa kila mahali, ilhali "q" na "x" hazimo katika maneno yetu ya kawaida. Kwa nini "a" ichukue nafasi sawa na "x"? Ikipewa tarakimu tatu au nne badala ya nane, ukurasa mzima unapungua. Hii ni kazi ya David Huffman, aliyeichapisha mwaka 1952.

Kurasa za tovuti zimejaa marudio. Nyuma ya maneno unayoyasoma kuna maagizo mengi yanayoiambia simu rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio, na maagizo hayo yanajirudia mara mamia. Ndiyo maana si ajabu maandishi ya ukurasa na maagizo yake kupungua kwa asilimia 70 hivi, au zaidi.

Kivinjari na seva wanaambiana nini?

Seva haiwezi kubana ovyo. Ni lazima ijue kama simu iliyo upande wa pili inaweza kufungua robota. Kwa hiyo kila unapogusa kiungo, kuna mazungumzo mafupi ambayo wewe huyaoni. Kivinjari kinaomba ukurasa, na hapohapo kinataja njia za kubana kinazozifahamu. Seva inaangalia orodha hiyo, inachagua njia ambayo na yenyewe inaiweza, inabana ukurasa, na kuuandikia lebo inayosema umebanwa kwa njia gani. Kivinjari kinasoma lebo na kufungua.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, kivinjari kisipotaja njia yoyote, seva kwa kawaida inatuma ukurasa bila kuubana. Ukurasa utafunguka, ila kwa mega nyingi zaidi, na hakuna ujumbe utakaokuonya. Pili, seva nayo inaweza kuwa haikupangwa kubana. Hapo hata simu mpya kabisa haiwezi kukusaidia. Ubanaji unahitaji pande zote mbili.

Njia zinazotumika na vivinjari vinavyoziweza

*Gzip.* Ndiyo kongwe na inayojulikana kila mahali. Ilitolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, na inatumia ndani yake mbinu zile mbili tulizozieleza. Kila kivinjari unachoweza kukikuta leo kwenye simu ya kugusa au kompyuta kinaielewa. Kama seva inabana kwa gzip, karibu kila msomaji ananufaika.

*Brotli.* Ilitengenezwa na wahandisi wa Google, ikakamilishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2016. Jina lake limetokana na mkate mdogo wa Uswisi. Kwa maandishi ya tovuti, mara nyingi Brotli hupunguza asilimia 15 hadi 20 zaidi ya gzip. Firefox ilianza kuikubali Januari 2016, Chrome mwaka huohuo, Edge na Safari mwaka 2017. Vivinjari huitumia kwenye kurasa ambazo anwani yake inaanza na https.

*Zstandard.* Hii ni kazi ya Yann Collet, na Facebook ilitoa toleo lake rasmi la kwanza mwaka 2016. Sifa yake kubwa ni kasi: seva inabana haraka bila kuchoka. Chrome ilianza kuikubali Machi 2024 katika toleo la 123, na Firefox Mei 2024 katika toleo la 126.

Je, simu yako ya zamani imeachwa nyuma? Si sana. Tuseme una simu ya Android 7. Simu hiyo haipati tena matoleo mapya ya Chrome. Lake la mwisho ni toleo la 119 la mwaka 2023. Hiyo ina maana haijui Zstandard, lakini Brotli na gzip inazijua vizuri. Kinachopoteza mega ni kivinjari ambacho hakijasasishwa tangu simu iliponunuliwa, au kile cha ajabu kilichokuja na simu na ambacho hakuna anayekitunza. Kwenye kompyuta za zamani unaweza bado kukuta Internet Explorer. Hicho hakikuwahi kuielewa Brotli, na Microsoft ilikiacha rasmi Juni 2022. Ukikikuta, tafuta kivinjari kingine kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa ajili ya mega na kwa ajili ya usalama wako.

Ili uone uzito wa jambo hili, tufanye hesabu ya mfano. Una mega 50. Unasoma kurasa za maandishi matupu, na kila moja ina kilobaiti 400 kabla ya kubanwa.

- Bila kubanwa: utafungua kurasa 125.
- Kwa gzip, kila ukurasa ukipungua hadi kilobaiti 100: kurasa 500.
- Kwa Brotli, ukipungua hadi kilobaiti 85: karibu kurasa 590.

Hatua kubwa, kama unavyoona, ni ile ya kutoka kutobana hadi kubana. Kutoka gzip kwenda Brotli ni faida ya ziada.

Kamusi isiyo na Kiswahili

Brotli ina jambo moja linalotugusa sisi wasomaji wa Kiswahili. Ndani yake kuna kamusi ndogo iliyokwisha kupakiwa katika kila kivinjari, yenye vipande zaidi ya 13,000 vya maneno na silabi. Neno likiwa kwenye kamusi hiyo, seva haina haja ya kulituma hata mara moja. Inatuma namba yake tu. Lugha zilizowekwa humo ni sita: Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu. Pamoja nazo kuna vipande vya maagizo yanayotumika kutengeneza kurasa za tovuti.

Kiswahili hakimo katika lugha hizo sita. Msomaji wa Kiarabu kutoka Sudan anaonjeshwa faida hiyo kidogo, msomaji wa Kiswahili kutoka Bukavu hapati. Hata hivyo, usivunjike moyo: ukurasa wa Kiswahili nao umejengwa kwa maagizo yaleyale, na maneno yetu yanajirudia ya kutosha kubanwa kwa mbinu ya kwanza. Viambishi kama "wana-" na "ana-", na maneno kama "kwa ajili ya", yanarudi tena na tena katika tangazo lolote.

Kisichobanika

Turudi Owino. Nguo zinakandamizika kwa sababu zina hewa ndani. Lakini huwezi kukandamiza sufuria. Hata ukiiweka kwenye mashine, itabaki sufuria, au itavunjika.

Picha za JPEG, video za MP4 na ujumbe wa sauti ni sufuria. Zimekwisha kubanwa kwa njia zao wakati zinatengenezwa, na gzip au Brotli haikuti hewa ya kutoa. Ndiyo sababu ukurasa wenye maneno machache na picha tano kubwa unaweza kumaliza bando lako hata kama una kivinjari kipya kabisa.

Hapa ndipo mega nyingi za watu wetu zinapoishia. Fikiria tangazo la ukurasa mmoja, maneno 300. Likiandikwa kama maandishi ni alama kama 2,000, yaani kilobaiti 2 hivi, na likibanwa linapungua zaidi. Sasa mtu alichapishe, aligonge muhuri, alipige picha kwa simu na kuiweka picha hiyo kwenye tovuti kama ilivyo. Picha ya mega 2 ni ya kawaida kwa simu za leo. Hiyo ni mara 1,000 ya maandishi yaleyale. WhatsApp huzipunguza picha inapozituma, lakini hata ikishuka hadi kilobaiti 150, bado ni mara 75.

Na hasara si ya mega peke yake. Maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki, hayanakiliki ili uyatafsiri, na programu zinazowasomea wasioona kwa kawaida haziwezi kuyasoma. Aliye na simu yenye kioo kidogo anabaki kukuza na kuvuta picha huku na huku akitafuta tarehe.

Vipi kuhusu Opera Mini?

Wengi wanatumia Opera Mini kwa sababu wamesikia inaokoa mega. Ni kweli, lakini njia yake ni tofauti na ni muhimu kuielewa.

Opera Mini ilianza Norway mwaka 2005, wakati simu nyingi zilikuwa za vitufe na hazina nguvu. Katika hali yake ya kubana sana, simu yako haiendi kwenye tovuti moja kwa moja. Inaiomba seva ya Opera. Seva hiyo ndiyo inayofungua tovuti, inapunguza ukubwa na ubora wa picha, inaondoa vitu vizito, kisha inakutumia mabaki yaliyobanwa. Kwa hiyo Opera Mini hugusa hata zile sufuria: inakuletea sufuria ndogo badala ya kubwa. Kwa kusoma habari, hakuna kivinjari cha kawaida kinachokaribia uokoaji huo.

Gharama yake ni hii. Ukurasa wenye https kwa kawaida ni kama bahasha iliyofungwa: inafunguliwa na tovuti yenyewe na simu yako tu. Katika hali ya kubana sana, seva ya Opera ni lazima ifungue bahasha hiyo njiani ili iweze kuipunguza, kisha inaifunga tena na kukutumia. Njia kati ya simu yako na Opera inalindwa, lakini siri haiko tena kati yako na tovuti peke yenu.

Kwa matokeo ya mpira au habari za Goma, hilo halina shida. Lakini kwa mtu anayeandika maelezo ya kesi yake, anayeripoti ukatili uliompata, anayefungua barua pepe yenye nyaraka za makazi mapya, au anayeingia kwenye akaunti ya benki, ni bora atumie kivinjari cha kawaida. Tena fomu nyingi za mtandaoni hazifanyi kazi vizuri katika hali hiyo: unajaza, unabonyeza, hakuna kinachotokea.

Kanuni rahisi: kusoma, Opera Mini, kuandika siri au kujaza fomu, Chrome au Firefox.

Na kama unaitafuta ile hali ya kuokoa data iliyokuwa ndani ya Chrome ya Android, usisumbuke. Google iliiondoa Machi 2022 katika toleo la 100.

Unaweza kufanya nini leo?

1. *Sasisha kivinjari chako, lakini kwa Wi-Fi.* Toleo jipya la kivinjari ni zito, linaweza kumeza bando zima. Subiri ukiwa kwenye Wi-Fi unayoiamini: kituo cha jamii, shule, kazini au kwa rafiki. Zima usasishaji wa moja kwa moja kwa kutumia bando, na uruhusu wa Wi-Fi tu.

2. *Washa sehemu ya kuokoa data ya simu.* Simu za Android kuanzia toleo la 7 zina sehemu hiyo katika mipangilio ya mtandao. Inazizuia programu usizozitumia kula mega kwa nyuma.

3. *Zima upakiaji wa kurasa mapema.* Katika mipangilio ya faragha ya Chrome kuna mahali panaporuhusu kivinjari kupakia kurasa ambacho kinadhani utazifungua. Wakati mwingine hukuzihitaji, lakini mega zimekwenda.

4. *Usifute kumbukumbu ya muda ya kivinjari kila siku.* Kivinjari huhifadhi nembo, maagizo na picha za tovuti ulizozitembelea ili zisiletwe upya. Ukizifuta kila jioni, kesho unazinunua tena. Lakini kama simu mnaitumia watu wawili au watatu, na kuna mambo hutaki mwingine ayaone, usalama wako unatangulia. Tumia dirisha la faragha na ukubali kulipa mega kidogo zaidi.

5. *Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye WhatsApp.* Katika mipangilio ya hifadhi na data, ondoa picha, sauti na video kwenye orodha ya vitu vinavyopakuliwa ukiwa kwenye bando. Utachagua mwenyewe cha kufungua.

6. *Angalia nani anakula mega.* Mipangilio ya simu inaonyesha kila programu imetumia kiasi gani mwezi huu. Mara nyingi mlaji mkubwa si kivinjari hata kidogo, ni programu ya video fupi. Ni vizuri kumjua mwizi kabla ya kumlaumu jirani.

Kwa mashirika, shule, makanisa, misikiti na viongozi wa jamii

Msomaji anaweza kufanya yote hayo sita na bado akashindwa, kama tovuti yenyewe haikupangwa vizuri. Kwa hiyo sehemu hii inatuhusu sisi tunaotoa matangazo.

*Hakikisha seva yenu inabana.* Si jambo la kudhania. Kwenye nginx, mojawapo ya programu za seva zinazotumika sana duniani, gzip huwa imezimwa mpaka msimamizi aiwashe. Hata ikiwashwa, inabana maandishi ya ukurasa tu mpaka aiorodheshee aina nyingine za faili, yakiwemo yale maagizo mazito ya rangi na mpangilio. Ni mistari michache katika faili la mipangilio, na haina gharama.

Kupima ni rahisi. Fungua tovuti yenu kwenye kompyuta kwa Chrome au Firefox, bonyeza F12, chagua sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya, kisha gusa mstari wa kwanza. Katika majibu ya seva tafuta lebo "content-encoding". Ukiona gzip, br au zstd mbele yake, ukurasa umebanwa. Usipoiona lebo hiyo kabisa, wasomaji wenu wanalipia hewa. Rudia kwa mistari mingine iliyo chini yake, maana ukurasa unaweza kuwa umebanwa huku maagizo yake hayakubanwa.

*Andikeni tangazo kama maandishi.* Tunaelewa kwa nini watu wanapenda picha ya karatasi yenye muhuri: inaonekana ni ya kweli, na matapeli wapo. Basi wekeni vyote viwili. Maandishi yatangulie, na chini yake kiungo cha karatasi yenye muhuri kwa anayetaka kuihakiki. Asiye na mega za kutosha atapata tarehe, mahali na anachotakiwa kubeba.

*Punguzeni picha kabla ya kuzipandisha.* Picha itakayoonekana kwenye kioo cha simu haihitaji mega tatu. Programu yoyote ya kuhariri picha inaweza kuishusha hadi kilobaiti 100 bila msomaji kuona tofauti kubwa.

*Kwenye vikundi vya WhatsApp, andikeni kiini ndani ya ujumbe wenyewe.* "Usaili wa familia zilizoitwa ni Jumanne saa tatu asubuhi, njooni na barua ya utambulisho" ni mstari mmoja. Unafika hata kwa mwenye salio la mwisho. Kumbukeni pia kwamba picha ikitumwa kama faili, WhatsApp haiipunguzi. Inakwenda na uzito wake wote.

Kivinjari cha simu kinafanya sehemu yake kila mara, bila kuombwa. Kinaiambia seva: nibanie, nitafungua mwenyewe. Seva isipokuwa tayari, au tangazo likiwa picha, ofa hiyo inapotea, na anayelipa ni mama aliyenunua bando la siku moja ili ajue kama jina lake limo kwenye orodha.

Kama umesoma makala haya kwa simu ya kuazima, au rafiki yako hana mega za kuyafungua, mweleze ile kanuni ya Opera Mini na hatua ya kwanza hadi ya tatu. Zinasemeka kwa dakika mbili, na hazihitaji bando.